Mtu Si Kafara: Pemba Kati ya Uvumi wa Giningi na Damu ya Kweli

Pita barabara yoyote yenye watu wengi Dar es Salaam au Mwanza, utaliona limebandikwa kwenye nguzo ya umeme: mganga kutoka Pemba. Chini yake pana namba ya simu na orodha ya mambo anayoyaweza: kurudisha mpenzi, kuvuta mali, kushinda kesi, kupanda cheo. Kama mwenye tangazo amewahi kukanyaga Wete au Mkoani hakuna anayemuuliza. Jina la kisiwa linatosha.

Jina hilo linauzika kwa sababu limebeba hadithi, na Mpemba anayefungua duka la vyakula Bara anaijua vizuri. Anaanza na kilo chache za sukari na unga. Analala humohumo dukani, anakula mlo mmoja kwa siku, anawaita wadogo zake waje kumsaidia. Baada ya miaka kumi ana maduka matatu. Mtaa hauhesabu usiku aliokesha. Mtaa unanong'ona: "Yule katoa mtu." Wanakusudia kwamba amempeleka mwanawe, mama yake au ndugu yake kwa wachawi, akalipwa mali.

Kutoa mtu. Ni maneno mawili mepesi mdomoni, na ndiyo ninayotaka tuyatazame kwa utulivu wiki hii. Je, Pemba watu hutolewa kafara? Na popote duniani walikotolewa, ni nani hasa aliyelazwa chini ya kisu, na kisu kilishikwa na nani? Haya si maswali ya kupitishia wakati barazani. Katika nchi yetu watoto wameuawa kwa imani hii, na wazee wameuawa kwa tuhuma zake.

Mkutano wa Giningi

Aliyekulia Unguja au Pemba amelisikia jina la Giningi. Ramani haina mahali hapo. Ni pale ambapo, kwa masimulizi, wachawi hukutana usiku wakala nyama za watu. Inasemwa kwamba uchawi wa namna hiyo ni chama chenye ngazi zake, na anayetaka kuingia hulipa kiingilio kwa mtu wa damu yake: mwana, mzazi, ndugu wa tumbo moja. Jirani hafai wala mgeni hafai, kwani kiingilio lazima kimuume mtoaji. Aliyetolewa huugua ghafla, akafa. Ataoshwa, atakafiniwa, atasaliwa na kuzikwa. Lakini wanaoamini watasema kilichozikwa ni gogo la mgomba lililovishwa sura yake, na mwenyewe amechukuliwa, ama akaliwe ama akatumikishwe usiku.

Waandishi wetu wameichota sana hadithi hii. Muhammed Said Abdulla aliliweka jina lenyewe kwenye jalada la riwaya yake Kisima cha Giningi, iliyotoka mwaka 1968, akampa kazi mpelelezi wake Bwana Msa, mtu ambaye hutafuta mkono wa binadamu pale wengine wanapouona mkono wa mzimu. Baadaye tutakutana na mwandishi mwingine, mzaliwa wa Pemba, ambaye aliichukua Giningi akaipeleka mbali zaidi.

Wageni nao walichukua zamu yao. W. H. Ingrams, ofisa wa Kiingereza aliyeanza kazi Zanzibar mwaka 1919, aliandika kwa kirefu juu ya uganga na uchawi wa visiwa hivi katika kitabu alichokitoa mwaka 1931. Mwaka huohuo mwandishi Evelyn Waugh alichapisha kitabu cha safari zake Afrika, na humo Pemba imekuwa chuo ambacho wanafunzi wa uchawi hukifuata kutoka Maziwa Makuu na hata, kwa kusikia, kutoka Haiti. Lakini Waugh huyohuyo alikiri kwamba Wazungu walioishi visiwani karibu umri wao wote hawakuwahi kupata zaidi ya dalili za hapa na pale. Msomaji akishike hicho. Mnong'ono ukichapishwa London huonekana mzito kuliko ulivyokuwa barazani Chake Chake, lakini unabaki mnong'ono.

Tena hadithi ya gogo la mgomba imejengwa isiweze kukanushwa. Ukisema hakuna aliyechukuliwa, utaambiwa ufukue kaburi. Ukifukua ukaukuta mwili, utaambiwa hilo ndilo gogo lenyewe, macho yako yamefumbwa. Jambo ambalo haliwezi kuonyeshwa kuwa ni uongo haliwezi pia kuonyeshwa kuwa ni kweli, na hakimu mwadilifu hamfungi mtu kwa ushahidi wa aina hiyo. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Hapa pana lisemwalo ambalo kwa karne nzima ya kusemwa halijaleta mwili, shahidi wala kisu.

Kwa nini basi linadumu? Kwa sababu kifo cha ghafla hakivumiliki. Mtoto mzima jioni, asubuhi maiti, na hakuna wa kueleza kama ilikuwa malaria iliyopanda kichwani au moyo uliozaliwa na tundu. Msiba usio na sababu humtafuta mwenyewe. Na mwenyewe hupatikana karibu, kwa yule ambaye tayari tuna kinyongo naye: shangazi mwenye fungu kubwa la mikarafuu ya urithi, kaka aliyetajirika Bara, mama wa kambo. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, kisha tunaanza kuzikagua nguo.

Kafara tunayoiona kwa macho

Tukiuweka uvumi kando, kafara ya kuonekana kwa macho ipo, na kila mtu wa pwani ameipita njiani. Alfajiri kwenye njia panda utakuta kigae chenye yai, mchele, pengine kuku aliyechinjwa. Mtoto anayekwenda chuoni ataambiwa asiguse, maana hapo pana maradhi ya mtu yaliyoachwa yachukuliwe na upepo. Kwenye mapango na chini ya mibuyu ya mizimu utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe, ubani na halua. Kwenye kilinge cha mganga, pepo wa kirubamba, yaani wa Kipemba, akimpanda mtu kichwani atadai mbuzi wake. Jahazi jipya likiwa tayari kushushwa majini, dua husomwa, mnyama huchinjwa na mafundi na wavuvi hula pamoja. Na nyumbani kwa kila Muislamu mwenye uwezo kuna akika ya mtoto anayezaliwa na udhia wa Idi Kubwa, nyama ikagawiwa jamaa, majirani na maskini.

Mashekhe hawayaweki mambo haya kwenye fungu moja, na wana haki. Udhia ni ibada, na ya njia panda wanayakataza. Mjadala huo una wenyewe. Ninachomwomba msomaji akione ni hiki: kuanzia yai la njia panda hadi ng'ombe wa Idi, hakuna hata sehemu moja ambapo anayetolewa ni mtu.

Neno lenyewe linatufundisha. Kafara limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kufunika kosa au kulifuta. Aliyesoma fikihi chuoni anakumbuka kafara ya aliyevunja kiapo: alishe maskini kumi, au awavishe, au amwache huru mtumwa, asiyeweza hayo afunge siku tatu. Anayeua kwa bahati mbaya naye, pamoja na diya, kafara yake ilikuwa kumwacha huru mtumwa. Tazama jinsi neno lilivyopinduliwa vinywani mwetu. Katika sheria iliyotuletea neno hili, kafara ni tumbo la maskini kushiba na mtu aliyefungwa kufunguliwa. Katika umbeya wetu, kafara ni mtu kuuawa.

Mnyama mahali pa mwana

Kila mwaka ukifika mwezi wa Mfunguo Tatu tunasimuliwa upya kisa cha Nabii Ibrahim aliyeota anamchinja mwanawe, akamshauri mtoto, mtoto akaridhia, na pale kisu kilipokuwa shingoni akateremshiwa mnyama wa kuchinjwa badala yake. Mayahudi na Wakristo wanakisoma kisa hichohicho na kumtaja Is-haka; sisi tunamtaja Ismail. Dini tatu zinatofautiana kuhusu mtoto gani, wala hazitofautiani kwamba mtoto alishuka akiwa hai.

Husahaulika kwamba kisa kama hicho kiliikaribia pia nyumba ya Mtume Muhammad (S.A.W.). Wasimulizi wa sira wanaeleza kwamba babu yake, Abdul-Muttalib, aliweka nadhiri kwamba akipata wana kumi wakakua, atamchinja mmoja wao kwenye Al-Kaaba. Kura ikamwangukia Abdullah, baba yake Mtume, na Abdul-Muttalib akakamata kisu. Makureshi wakamzuia. Wakaenda kwa kahini, akawaamuru wapige kura kati ya Abdullah na ngamia kumi, wakiongeza kumi kila mara mpaka kura iwaangukie ngamia. Iliwaangukia walipofika mia. Ngamia 100 wakachinjwa, Abdullah akabaki hai.

Visa hivi haviwi na maana ila katika dunia ambamo kuchinja mwana lilikuwa jambo la kufikirika. Baadhi ya Waarabu wa kabla ya Uislamu waliwazika watoto wa kike wakiwa hai, na Qur'ani imelitaja jambo hilo kwa ukali wa kutisha: siku ya hukumu mtoto huyo ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Swali hilo anaulizwa aliyeuawa, mbele ya aliyemuua. Kwangu mimi, kila hotuba dhidi ya kutoa mtu ingetosha kuanza na swali hilo na kumalizia hapohapo.

Nani alilazwa chini ya kisu

Tusidhani mambo haya yalikuwa ya Afrika peke yake, kama wakoloni walivyopenda kuandika. Katika mji wa Ur, Iraki ya leo, mwanaakiolojia Leonard Woolley alifukua makaburi ya kifalme ya takriban miaka 4,500 iliyopita, na katika shimo moja akakuta miili 74, wengi wao wanawake waliovaa mapambo, waliouawa ili wamsindikize bwana wao. Huko Anyang, China, wafalme wa ukoo wa Shang waliua maelfu ya mateka kwa ajili ya wahenga wao, na habari hizo waliziandika wenyewe juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe. Mwaka 2015 wachimbaji waliokuwa nyuma ya kanisa kuu la Mexico City walifikia mnara wa mamia ya mafuvu ya watu waliotolewa kwa miungu ya Waazteki. Kwenye pwani ya Peru, mahali paitwapo Huanchaquito, kumekutwa watoto zaidi ya 140 waliouawa pamoja na wanyama wa llama zaidi ya 200 katika karne ya 15. Walikuwa wamelala ndani ya tope la mvua kubwa, na watafiti wanadhani walitolewa ili mvua hiyo ikome.

Kwetu Afrika, wafalme wa Dahomey walichinja mateka kila mwaka wawe wajumbe kwa wafalme waliokufa. Jirani zetu Waganda wanalo neno kiwendo. Wamisionari waliokaa Buganda enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza, akiwemo Alexander Mackay, waliandika juu ya siku ambazo watu walikamatwa njiani, wakulima na wapita njia, wakapelekwa kuuawa kwa ajili ya afya ya mfalme na heshima ya wazee wake.

Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa jamii 93 za visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki zinazozungumza lugha za ukoo mmoja, kuanzia Madagaska hadi Hawaii. Watafiti walitaka kujua ni jamii za aina gani zilikuwa zikitoa watu kafara. Katika jamii ambazo watu walikuwa sawasawa, zilizofanya hivyo zilikuwa 5 kati ya 20. Katika zenye matabaka ya kiasi, 17 kati ya 46. Katika zenye matabaka makali, ambako mtoto wa mtwana hufa mtwana, zilikuwa 18 kati ya 27. Waliouawa walikuwa wanyonge, aghalabu watumwa. Walioua walikuwa machifu na makuhani wao. Na nyakati zenyewe ni kuzika mkubwa, kuzindua nyumba mpya, kushusha chombo kipya.

Msomaji wa pwani ataguswa na hilo la chombo, maana vyombo tumeviunda na kuvishusha vizazi kwa vizazi. Tofauti ni nani anayechinjwa siku hiyo. Mbuzi wetu wa pwani ana historia ndefu kuliko tunavyofikiri, na tumshukuru.

Mkama Ndume na mawe ya Pujini

Kama nikitaka kumwonyesha mgeni mahali ambapo Pemba ilimwaga uhai wa watu kwa ajili ya mkubwa mmoja, simpeleki mzimuni. Nampeleka Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, yalipo magofu ya ngome ya Mkama Ndume, aliyetawala hapo yapata karne ya 15. Jina lake lina hukumu yake. Kukama ni kutoa maziwa kwenye chuchu; ng'ombe jike hukamwa, dume halina maziwa. Anayekama ndume ni yule anayemkamua mtu mpaka akatoa kile asichokuwa nacho. Wazee wa kisiwa wanasimulia kwamba watu wake walibebeshwa mawe ya ngome wakijiburura kwa makalio.

Unguja pana mwenziwe. Juu ya kasri ya Mwinyi Mkuu huko Dunga, iliyojengwa katikati ya karne ya 19, simulizi zinasema watumwa walichinjwa na damu yao ikachanganywa na chokaa ili jengo lidumu. Siwezi kuapa kwamba damu ilichanganywa kweli. Lakini masimulizi ya watu husema jambo hata yanapotia chumvi. Waliopita hapo waliiona kasri, wakajua imesimama juu ya nani.

Kisha ikaja karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba, ambayo yalisalimika zaidi, yakawa ndiyo tegemeo. Watumwa wakaletwa kisiwani kwa wingi kupalilia na kuchuma. Utumwa haukuondolewa kisheria hadi Aprili 1897. Hakuna aliyewapeleka watu hao Giningi. Walinunuliwa mchana, kwa bei, mbele ya mashahidi. Hadithi ya mtu anayeonekana amekufa kumbe anatumikishwa usiku kwenye shamba la mwingine naisoma nikiwakumbuka wao. Kisiwa kilichowahi kuona binadamu wakitolewa kwao wasirudi tena, wakafanya kazi wasiyolipwa mpaka wakafa, hakikuhitaji kubuni mengi.

Damu ya leo

Kwa hiyo je, ni hadithi tu? Hapana. Damu ya kweli inamwagika, tena katika zama za simu ya mkononi.

Tangu miaka ya kati ya 2000, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Watanzania wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Wanunuzi waliotajwa tangu mwanzo ni wachimba dhahabu wanaotaka kuuona mshipa wa madini, wavuvi wa Ziwa Victoria wanaotaka nyavu zijae, na wenye kutafuta vyeo. Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2015 kwamba wasiopungua 75 walikuwa wameuawa tangu mwaka 2000, na hao ni wanaojulikana. Wengine walikatwa mikono wakabaki hai. Hata makaburi ya wenye ualbino yamefukuliwa. Ikponwosa Ero, mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino, alionya mara nyingi kwamba katika matukio haya mkono wa ndugu wa karibu umo. Mapema mwaka 2019 Njombe ililia watoto wake, waliotekwa na kuokotwa wameuawa, baadhi wakiwa wamekatwa viungo. Katikati ya mwaka 2024 Muleba, mkoani Kagera, ilimzika mtoto mwenye ualbino ambaye hajatimiza hata miaka mitatu. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilishindwa kuilinda haki ya kuishi ya raia hawa.

Uganda imepita njia hiyohiyo. Wenye pesa wamewatuma waganga watafute mtoto wa kuzikwa chini ya msingi wa jengo jipya, na Bunge la nchi hiyo likalazimika kutunga sheria maalumu ya kukataza kafara ya binadamu mwaka 2021, yenye adhabu ya kifo kwa anayeua. Tanzania Bara ilipiga marufuku waganga wasio na leseni Januari 2015.

Weka hesabu hizi kando ya ule utafiti wa jamii 93, uone zinavyoshabihiana. Anayetaka ni mwenye mali au mwenye tamaa ya cheo. Anayeuawa ni mtoto, maskini, au aliyezaliwa na ngozi ambayo majirani wameshaambiwa si ya mtu kamili. Huyu wa kati, anayeitwa mganga, ndiye kuhani wa zamani kwa nguo mpya, na ndiye anayeandika kwenye nguzo ya umeme kwamba ametoka Pemba.

Mtuhumiwa naye hutolewa

Kuna wahanga wa pili wa imani hii, ambao hatuwahesabu. Huko Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa mamia kwa miaka mingi, wengine wakisingiziwa uchawi kwa macho mekundu, wekundu ulioletwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Visiwani tulionja kidogo ya wazimu huo mwaka 1995. Hofu ya Popobawa, jini lililosemwa kuwavamia watu usiku majumbani, ilianza Pemba mwanzoni mwa mwaka, ikavuka hadi Unguja. Familia nzima zikalala nje, zimezunguka moto. Mjini Zanzibar umati ulimshika mtu asiye na akili timamu ukamuua, ukidhani yeye ndiye. Hakuna jini lililomuua. Waliomuua ni watu walioogopa, na walipomaliza walirudi majumbani kwao wakiamini wameusafisha mji. Kama hiyo si kafara, sijui kafara ni nini.

Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba mwaka 1947, aliliona hili mapema. Katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, Giningi ni nchi kamili yenye mtawala, Bi Kirembwe, na raia wanaopumbazwa kwa unga wa ndere hadi hawawezi kuuliza. Kijana anayekataa kupumbazwa anaitwa Mtolewa. Mwandishi wetu ameichukua hofu ya utotoni mwetu akaifungua, na ndani yake akaonyesha jambo ambalo Ur, Anyang na Pujini zote zinalishuhudia: penye mkubwa asiyeulizwa, hutolewa mtu.

Tufanye nini

Tunayo methali inayosema mchawi mpe mwana kulea. Wahenga hawakusema mchome moto. Walijua kwamba aliyekabidhiwa amana mbele ya watu huona haya kuivunja, na kwamba anayetengwa gizani ndiye anayezidi kutisha. Turudi kwenye busara hiyo. Mtoto akifa ghafla, tumpeleke hospitali aangaliwe kabla hatujamtafuta wa kumlaumu. Jirani akitajirika, tumuulize anaamka saa ngapi. Mashekhe na mapadri waseme mimbarini, kwa lugha ya wazi, kwamba anayenunua kiungo cha binadamu ni muuaji, na anayemwita bibi kizee mchawi ameshika mpini wa panga. Serikali zetu mbili ziwafuate wanunuzi, wenye fedha na vyeo, kwa bidii ileile inayowafuata wauaji waliotumwa.

Nasi Wapemba tulilinde jina letu. Tusimwachie mtu wa nguzo ya umeme aliuze. Kijana wetu anayejivunia Bara kwamba kwao wanajua, akidhani anatisha na kuheshimiwa, anamtengenezea soko mtu ambaye kesho atamwambia mteja wake alete mtoto.

Idi Kubwa ijayo, ukisimama mbele ya mnyama wako na kuelekea kibla, mshike mwanao mkono umweleze kwa nini kisu hiki hakipo shingoni mwake. Kisha pelekeni pamoja fungu la kwanza la nyama kwenye nyumba ya kikongwe ambaye mtaa unamwita mchawi.